Mafuta ya Kondoo: Je, Mbegu Ndiyo Inayotofautisha?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanakisomo wa Mbweni, Kinondoni)



Leo tutazungumza juu ya chupa moja. Si chupa ya soda wala ya mafuta ya taa. Ni chupa ya mafuta ya kondoo. Ililetwa darasani kwetu hapa Mbweni na mama mmoja, mwanakisomo mwenzetu. Mjukuu wake wa miezi mitano alikuwa akikohoa. Mchuuzi akapita mtaani na chupa za namna mbili. Akamwambia: "Mama, hii ni ya kondoo wa kawaida, shilingi 5,000. Na hii ni ya kondoo mwekundu wa Kimasai. Mafuta yake mepesi, yanaingia kifuani moja kwa moja. Hii ni shilingi 10,000."

Mama akanunua ya 10,000. Nani asiyempenda mjukuu wake? Lakini kabla hajamnywesha mtoto, alikuja nayo darasani. Akatuuliza: "Walimu, mlitufundisha tusome kwanza ndipo tumeze. Sasa chupa hii haina hata herufi moja. Nisome nini?"

Ndugu zetu, swali hilo lilitufurahisha, tena likatutoa jasho. Darasa zima likaanza kubishana. Bwana mmoja anayefuga kondoo sita upande wa Bunju akasema, "Uongo mtupu! Kondoo ni kondoo." Mzee mmoja mvuvi akasema utotoni mwake walipakwa mafuta ya mkia tu, mengine hayakutakiwa. Dada mmoja akasema kondoo wa kisasa hawana dawa. Sisi walimu hatukuwa na jibu. Tukawaomba wiki mbili. Tukaenda kumwuliza bwana mifugo, tukasoma vitabu, na tukafanya jaribio dogo hapa hapa darasani. Haya basi ndiyo tuliyoyapata.

Mafuta yamejengwa kwa nini?

Nyumba imejengwa kwa boriti, fito na udongo. Mafuta nayo yamejengwa kwa vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Wataalamu huviita asidi za mafuta. Kila asidi ni kama mnyororo mdogo wenye pingili. Katika mafuta ya kondoo asidi kubwa ni tatu. Ya kwanza inaitwa oleiki, ya pili palmitiki, na ya tatu steariki. Hizo tatu peke yake huwa robo tatu au zaidi ya mafuta yote ya kondoo.

Sasa angalieni tofauti yake. Palmitiki na steariki zimenyooka kama fito nzuri. Fito zilizonyooka, ukizipanga, zinabanana, mzigo unakuwa mgumu. Oleiki imepinda katikati. Fito zilizopinda hazipangiki vizuri, zinaacha nafasi, mzigo unalegea. Ndiyo sababu steariki ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka ipate joto la nyuzi kama 69, na palmitiki nyuzi kama 63. Lakini oleiki huyeyuka kwenye nyuzi kama 13 tu. Hapa kwetu pwani, hata usiku wa Julai, oleiki ikiwa peke yake ni maji maji tu.

Kwa hiyo mafuta yenye steariki nyingi huganda kama mshumaa. Mafuta yenye oleiki nyingi huwa laini kama samli. Asidi zilizonyooka huitwa zilizoshiba, kwa kuwa zimejaa hewa ya hidrojeni, hazina nafasi ya kuongeza. Iliyopinda huitwa isiyoshiba, kwa kuwa bado ina nafasi. Tukumbuke maneno hayo mawili, tutayahitaji mbele.

Kondoo hupataje mafuta yake?

Kondoo ni mnyama anayecheua, kama ng'ombe na mbuzi. Tumbo lake lina vyumba vinne. Katika chumba kikubwa wamo wadudu wadogo wasioonekana, mamilioni kwa mamilioni, na ndio wanaomsaidia kuvunja majani. Majani mabichi yana mafuta kidogo, na mengi ya mafuta hayo ni ya aina isiyoshiba. Lakini wale wadudu wa tumboni huyashibisha. Wanayabadili, na mengi yanatoka yamekuwa steariki. Ndiyo maana shahamu ya kondoo ni ngumu kuliko mafuta ya kuku, ingawa wote wawili wameshinda uani mmoja.

Kazi haiishii hapo. Steariki ikifika kwenye mafuta ya mwili, mwili wenyewe una kimeng'enya kinachoweza kuipinda tena ikawa oleiki. Lakini kimeng'enya hicho hakifanyi kazi sawasawa kila mahali. Kuzunguka figo hufanya kazi kidogo. Mkiani hufanya kazi zaidi. Wataalamu wanaona jambo hilo linaendana na joto. Figo ziko ndani, penye joto la nyuzi kama 39. Mkia uko nje, unapigwa na upepo na umande. Mafuta ya mkia yangekuwa magumu kama ya figo, mkia ungekakamaa asubuhi ya baridi huko nyanda za juu.

Kwa hiyo, jamani, hata kabla hatujataja mbegu yo yote, kondoo mmoja tayari ana mafuta ya namna mbalimbali ndani ya ngozi moja.

Jaribio letu la vikombe

Hatukutaka mtuamini kwa maneno tu. Tulichanga fedha kidogo kidogo, tukanunua shahamu kwa mchinjaji tunayemfahamu. Alikuwa amechinja kondoo wawili siku hiyo. Mmoja alikuwa mwekundu wa Kimasai mwenye mkia mnene. Mwingine alikuwa chotara wa Dorper mwenye mkia mdogo. Kwa kila kondoo tulichukua mafuta ya mkia na mafuta ya figo. Akina mama waliyakaanga kwenye sufuria, kila moja peke yake, wakayachuja kwa kitambaa, wakayamimina katika vikombe vinne. Kila kikombe kiliandikwa jina lake kwa mkono wa mwanakisomo. Mali bila daftari hupotea bila habari!

Kikombe cha tano kilikuwa cha yule mama. Tulimimina humo mafuta ya ile chupa ya shilingi 10,000. Vyote vitano vikalala chumbani mpaka asubuhi.

Asubuhi tulikuta hivi. Mafuta ya figo ya kondoo wote wawili yalikuwa magumu, ukiyagonga kwa ukucha yanalia. Mafuta ya mkia ya wote wawili yalikuwa laini, kidole kinazama. Mkia wa yule mwekundu ulikuwa laini kidogo zaidi ya ule wa chotara, lakini ilibidi tubishane sana kabla ya kukubaliana. Tofauti ya mkia na figo, hata mtoto angeiona akiwa mlangoni.

Na kikombe cha tano? Hakikuganda hata chembe. Yalikuwa maji maji kama mafuta ya kupikia. Sisi hatuna maabara, hatuwezi kuapa ni kitu gani. Lakini sote tuliangaliana. Mafuta halisi ya kondoo yaliyolala usiku kucha huganda au hulainika kama samli, hayabaki maji. Mchuuzi alisema mafuta yake ni mepesi. Kwa hilo alisema kweli!

Basi mbegu haifanyi kitu?

La, inafanya. Yule bwana wa Bunju aliyesema kondoo ni kondoo naye hakupatia. Hebu tuwatazame kondoo wetu.

Kondoo mwekundu wa Kimasai hupatikana zaidi kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya. Ana mkia mnene. Kondoo wa kichwa cheusi ana asili ya Usomali, ingawa Wazungu walimpa jina la Kiajemi. Yeye hurundika mafuta matakoni na kwenye shina la mkia. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kumchanganya huyo wa kichwa cheusi na kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn. Walitaka mnyama anayekua haraka na mwenye mnofu mwingi. Mafuta yake hayakurundikana sehemu moja, yametandazwa chini ya ngozi. Na kondoo wa sufu wa Ulaya wana mikia myembamba, mafuta yao mengi yako mwilini.

Kwa nini kondoo wetu huweka akiba mkiani? Kwa sababu ya kiangazi. Nyasi zikikauka, mnyama hula akiba yake. Mkia unanywea, mvua ikinyesha unajaa tena. Mkia ni ghala. Mkulima anaweka mahindi ghalani, kondoo anaweka mafuta mkiani.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mbegu ndiyo inayochagua ghala liwe wapi, na mahali pa ghala ndipo panaposema mafuta yawe laini au magumu. Ukiwa na kondoo wa mkia mnene, sehemu kubwa ya mafuta yake iko mkiani, mahali penye mafuta laini. Lakini mafuta ya figo za kondoo huyo huyo ni magumu kama ya mwingine. Mtu akikuambia "haya ni ya kondoo wa Kimasai" hajakuambia kitu, mpaka akuambie yametoka sehemu gani ya mwili.

Je, kama tukilinganisha sehemu ile ile ya mwili, kwa kondoo wenye umri sawa na malisho sawa, mbegu bado zinatofautiana? Ndiyo, wachunguzi wa nchi mbalimbali wameona tofauti, lakini mara nyingi ni ndogo. Tena sehemu ya tofauti hiyo hutokana na unene. Mbegu inayonona mapema ina mafuta mengi zaidi siku ya kuchinjwa, na kondoo akinona mchanganyiko wa asidi zake hubadilika. Uingereza wachunguzi waliwalinganisha kondoo wadogo wa kale waitwao Soay na mbegu za Welsh Mountain na Suffolk. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Nyama ya Soay ilikuwa na sehemu kubwa zaidi ya asidi zisizoshiba kabisa, zile zenye mipindo zaidi ya mmoja. Hiyo ni kazi ya mbegu. Lakini katika uchunguzi huo huo, Suffolk waliokula nyasi na Suffolk waliokula chakula cha nafaka walitofautiana wao kwa wao. Wa nyasi walikuwa na asidi nyingi zaidi za aina ya omega 3, na wa nafaka walikuwa na nyingi zaidi za aina ya omega 6. Mbegu moja, jina moja, mafuta mbalimbali!

Kwa hiyo anayefuga hapa mjini kwa pumba za mahindi na mashudu, na anayechunga porini kwa nyasi, hawatapata mafuta yale yale hata kama kondoo wao ni ndugu wa tumbo moja.

Mbegu ina faida nyingine

Wafugaji wasije wakasema tumewaambia mbegu haina maana. Mbegu ina maana kubwa, ila si katika chupa ya dawa. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa utafiti wa mifugo walifuga kondoo wekundu wa Kimasai na Dorper pamoja huko Diani, kusini mwa Mombasa, pwani yenye joto na unyevu kama hii yetu. Wale wekundu waliwashinda Dorper katika kustahimili minyoo inayonyonya damu tumboni, na wana-kondoo wao walikufa wachache zaidi. Dorper ana mwili mkubwa, ndiyo, lakini kondoo aliyekufa hana kilo.

Basi ukichagua mbegu ya kufuga hapa pwani, uliza kwanza juu ya minyoo na uhai. Mwite bwana mifugo akushauri.

Je, mafuta ya kondoo ni dawa ya kifua?

Sasa tuje kwa mjukuu. Ndugu zetu, tunalisema hili kwa heshima kwa bibi na shangazi zetu waliotulea. Kumpaka mtu mzima mafuta mgongoni na kifuani, ukamsugua, akapata joto akalala, hilo halina ugomvi. Lakini kumnywesha mtoto mchanga mafuta kwa nguvu, huku amelazwa chali na analia, ni hatari.

Hatari yake ni hii. Maji yakimpalia mtoto, anakohoa, yanatoka. Mafuta ni laini, yanateleza. Yanaweza kuingia kwenye mapafu bila kumkohoza. Yakishaingia, mwili hauna njia rahisi ya kuyatoa. Mapafu yanavimba, na mtoto anapata nimonia itokanayo na mafuta. Madaktari wa nchi nyingi wameliona jambo hilo kwa watoto walionyweshwa samli na mafuta mengine. Hapa hakuna mbegu inayomwokoa. Ya mwekundu, ya kichwa cheusi, ya mkia, ya figo, yote yanaziba. Tena yale laini, yale yanayosifiwa kuwa mepesi, ndiyo yanayoteleza zaidi.

Mtoto aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu. Akikohoa na kupumua haraka haraka, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usingoje jioni. Mpeleke zahanati. Yule mama alifanya hivyo siku ile ile aliyoleta chupa. Mtoto alikutwa na nimonia, akapewa dawa. Leo anatambaa na kuvuta madaftari yetu.

Na jikoni je?

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kujadili lishe. Wakati ule jambo kubwa lilikuwa watu wapate chakula cha kutosha. Leo tuna mzigo wa pili, yaani shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo.

Karibu nusu ya mafuta ya kondoo ni yale yaliyoshiba. Ya mkia hupungua kidogo, ya figo huzidi. Palmitiki hupandisha lehemu mbaya katika damu. Steariki haipandishi kama hiyo. Lakini chungu hakichagui, vyote vinakuja pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi sehemu 10 katika kila 100 za nguvu tunayoipata kwa chakula. Tupige hesabu. Mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, sehemu 10 kwa 100 ni kalori 200. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gawanya 200 kwa 9, unapata gramu 22 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kondoo kina gramu kama 6 za mafuta yaliyoshiba. Vijiko vitatu tu, umekwisha kukaribia kipimo, na hujahesabu nazi ya wali!

Hatusemi msile kondoo. Sikukuu ya Idi ikifika, kuleni, mshukuru. Tunasema punguzeni shahamu kabla ya kupika, wala msinunue mafuta ya bei mbaya kwa ajili ya jina la mbegu. Na anayetafuta hasa zile asidi nzuri za omega 3, sisi watu wa Mbweni Mungu ametuwekea bahari mlangoni. Fungu la vibua au dagaa lina omega 3 nyingi kuliko mkia wa kondoo ye yote.

Kwa kumalizia

Ndugu wanakisomo, tulianza na chupa isiyo na maandishi. Tumejifunza kuisoma bila herufi. Tumeuliza imetoka sehemu gani ya mwili, mnyama alikula nini, na ikilala usiku inaganda au haigandi. Jina la mbegu linakuja baada ya maswali hayo. Mchuuzi alimwuzia mama yetu jina kwa shilingi 5,000 za ziada, na jina halitibu kifua.

Yule mama ameiweka chupa kwenye dirisha la darasa. Amebandika karatasi na kuandika kwa mkono wake mwenyewe: "Haijulikani ni nini. Asipewe mtoto." Miaka mitatu iliyopita alikuwa akiweka dole gumba kwenye karatasi. Leo ameiandikia chupa maandishi yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu:

1. Kwa nini mafuta ya mkia ni laini kuliko ya figo?
2. Kondoo wawili wa mbegu moja wanaweza kuwa na mafuta tofauti kwa sababu gani?
3. Kwa nini ni hatari kumnywesha mtoto mchanga mafuta?
4. Katika mtaa wenu, ni dawa zipi zinazouzwa bila maandishi? Mtafanya nini?